Mtoto Anayekoroma

Kabla sijaingia katika maneno yangu ya jioni ya leo naomba mtu wa jikoni apunguze kelele za masufuria na mwingine avute kiti karibu na redio, kwa sababu neno nililo nalo si la siasa wala si la bei ya sukari, bali ni la pumzi ya mtoto mdogo alalapo, neno ambalo katika nyumba nyingi husemwa baina ya mume na mke taa ikiisha kuzimwa, na kukipambazuka huachwa kitandani pamoja na mito.

Mwishoni mwa mwezi wa Shaabani nilijiwa na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, amemshika mkono mwanawe wa kiume wa miaka mitano, na kwapani amebana bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya eksirei. Hata kiti hajakikalia, akasema, "Shikamoo, mjomba. Tumkate au tusimkate?" Nikaitikia marahaba, na kabla sijaitazama picha nikamtazama mtoto mwenyewe: mdomo wazi kama wa kifaranga angojaye kulishwa, midomo imekauka hata imepasuka, chini ya macho mna weusi kama wa mtu aliyekesha harusini, na kila nililomwambia alinijibu kwanza kwa "Eeh?" ndipo, nikirudia, akanijibu kwa maneno.

Nilipouliza habari za nyumbani nikaambiwa kwamba rai zimekuwa tatu. Bibi mzaa baba amekwisha kutoa hukumu yake kuwa ni kimeo, na mkata vimeo anakaa mtaa wa tatu tu kutoka kwao. Baba mtu, kwa kuwa kazi yake ina bima ya afya na mkataba wake wa kazi unakwisha mwisho wa mwaka, ataka mtoto apasuliwe juma lijalo. Na mama, aliyepata kusikia habari ya mtoto wa watu aliyetiwa nusu kaputi asiamke, hataki hata kulisikia jina la kisu. Rai tatu chini ya paa moja, na kila moja ina mapenzi ndani yake. Ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mkali kuliko ugomvi wa fedha.

Mimi si tabibu. Umri wangu umeishia katika chaki na madaftari ya watoto wa watu. Lakini mwalimu mstaafu akiulizwa asilolijua hana budi kusoma na kuwauliza wajuao, nami nilifanya yote mawili.

Nyama hii, ambayo matabibu huiita adenoidi na sisi watu wa mitaani huiita nyama ya puani, haimo puani hasa. Hukaa nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo njia ya pua hushuka kukutana na koo, hata ukimfumbua mtoto kinywa na kummulika kwa tochi hutaiona. Utakayoyaona ni mafindofindo mawili pembeni, na kimeo kinachoning'inia katikati kama taa ya msikitini. Si jipu, wala si donda, wala si saratani, na kila mtoto huzaliwa nayo. Kazi yake ni kazi ya bawabu: hukamata vijidudu vinavyoingia pamoja na hewa na kuufundisha mwili kuvitambua, na kwa kuwa bawabu ndiye apigwaye kwanza, huvimba. Hukua upesi katika miaka ya utoto, aghalabu baina ya mwaka wa pili na wa saba, wakati ambapo njia ya hewa ya mtoto ingali nyembamba. Kisha mtoto akikaribia kubalehe hunywea yenyewe, na kwa mtu mzima mara nyingi huwa haipo tena. Basi tazameni ugeni wa shauri hili: tunabishana juu ya kukiondoa kitu ambacho kikiachwa kitaondoka, na swali halisi si kama nyama ni kubwa au ndogo, bali ni kama mtoto huyu anaweza kuingojea siku ya kuondoka kwake, na atapoteza nini katika kungoja.

Niruhusuni nianze na rai ya bibi, kwa sababu wakubwa huhudumiwa kwanza, na kwa sababu rai yake ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kukata kimeo ni mila ya kale katika sehemu nyingi za nchi zetu, na mimi mwenyewe nilikua nikiwajua wenzangu wawili watatu walioishi bila ya kimeo. Mtoto akikohoa muda mrefu, akitapika, au akikonda bila ya sababu ya kuonekana, husemwa kwamba kimeo chake kimerefuka na kinamkereketa kooni, na fundi huitwa na chombo chake. Sikebehi akili ya waliotutangulia, maana walitazama kooni wakaona kitu kimoja kinachoning'inia, wakakidhania kuwa ndicho mwenye hatia, kama vile mwizi akipita nyumbani hushukiwa yule aliyekuwa amesimama mlangoni. Lakini kimeo hakizibi pua na hakisababishi kifua kikuu wala pumu. Kukikata kwa wembe au kisu kisichochemshwa kumeleta damu isiyozuilika, koo lililooza, na pepopunda. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba mtoto mwenye maradhi ya kweli ya kifua hucheleweshwa kupata dawa, kwa kuwa nyumba nzima inangoja kidonda cha kimeo kipone ndipo kikohozi nacho kipone. Nilimwambia mpwa wangu, na nawaambieni nanyi: kimeo kiacheni mahali kilipowekwa. Tena kina faida moja ambayo nitaitaja mbele.

Tuje kwa baba mtu na haraka yake. Haraka ya kisu nayo ina historia yake, na ni historia yenye kufundisha. Nyama hii haikujulikana sawasawa na matabibu wa Ulaya mpaka mwaka 1868, alipoiandikia habari tabibu mmoja wa Copenhagen, Wilhelm Meyer, baada ya kujiwa na msichana mwenye masikio mazito na sauti iliyoziba kama ya mtu mwenye mafua ya daima. Meyer hakuridhika kutazama. Alitia kidole chake nyuma ya kaakaa la yule msichana, juu kabisa, akagusa nyama laini tele mahali ambapo palipaswa kuwa wazi. Akabuni kisu chenye umbo la pete cha kuikwangulia, na wagonjwa wake wengi wakasikia na kupumua kuliko walivyopata kusikia na kupumua. Ulikuwa uvumbuzi wa kheri. Lakini dawa iliyofaa kwa msichana mmoja ikageuka desturi kwa maelfu, na kabla ya kupita miaka hamsini ikawa katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani mtoto mzito wa kusoma, mtoto mwenye kamasi, mtoto mwenye mdomo wazi, wote waandikiwa kisu kile kile.

Mwezi Juni wa mwaka 1906, katika mtaa wa mashariki ya chini wa New York walimokaa wahamiaji wengi wa Kiyahudi, matabibu walikuwa wamewakata watoto nyama hizi shuleni, kwa nia njema na kwa karatasi za idhini zilizotiwa sahihi na wazazi ambao wengi wao hawakuelewa zilichosema. Watoto wakarudi nyumbani wakitema damu. Na haukupita muda uvumi ukaenea kwamba shuleni watoto wanachinjwa, na kina mama kwa maelfu wakazivamia shule, wakivunja vioo na kupiga mayowe wapewe watoto wao. Magazeti ya siku zile yaliwacheka. Mimi siwezi kuwacheka, kwa sababu nimepata kuona katika nchi yangu mwenyewe mama akitia dole gumba kwenye karatasi ya idhini aliyosomewa upesi upesi na mtu mwenye haraka ya kwenda kunywa chai, na hofu ya mama yule na hofu ya wale wa New York zilitoka katika tumbo moja.

Nalo la pili la kusimulia limetoka katika mji ule ule, na limechapishwa mwaka 1934. Walichukuliwa watoto wa shule 1,000 wa umri wa miaka kumi na mmoja ili kutazamwa mafindofindo yao, ambayo ni ndugu wa nyama hii na katika siku zile yalikatwa pamoja nayo. Ikaonekana kwamba 611 wamekwisha kukatwa. Waliobaki 389 wakapelekwa kwa matabibu, nao wakaamuru 174 wakatwe. Wale 215 walioambiwa ni wazima wakapelekwa kwa matabibu wengine wasiojua ya kwanza, nao wakaamuru 99 wakatwe. Waliobaki 116, walioambiwa ni wazima mara mbili, wakapelekwa mara ya tatu, na 51 wakaamriwa kukatwa. Katika elfu moja wakabaki 65 tu ambao hakuna tabibu aliyewatamani, na nadhani lau shughuli ingeendelea, hata hao wasingesalimika. Kila duru ilichukua karibu nusu ya waliokuja mbele yake, kana kwamba matabibu hawakuwa wakipima koo la mtoto bali wakipima desturi iliyokuwa vichwani mwao. Matabibu wa leo huijua hadithi hii na wengi wao wana hadhari nayo. Lakini mzazi aliyeambiwa kwa dakika tano kwamba mwanawe akatwe hana dhambi akiomba rai ya tabibu wa pili, mradi ampe huyo wa pili habari kamili, na mradi haendi kwa wa tatu na wa nne akitafuta jibu alilokwisha kulichagua. Ama hoja ya bima, kwamba italipa kabla mkataba haujakwisha, hiyo si hoja ya kumpasua mtu, kama vile karamu ya jirani si hoja ya kumlisha aliyeshiba.

Basi kama hatupimi kwa desturi, wala kwa bima, wala kwa ukubwa wa kivuli katika eksirei, tupime kwa nini? Wajuao walinijibu: kwa usiku na kwa masikio. Na shahidi mkuu wa usiku si tabibu, maana tabibu humwona mtoto mchana, kwa robo saa, amekaa wima na macho wazi. Shahidi ni yule alalaye chumba kimoja naye.

Kukoroma peke yake si ugonjwa, wala kukoroma kwa siku za mafua si hoja. Linaloogopwa ni lile koromo la kila usiku linalokatika ghafula: kifua chaendelea kuinuka na kushuka, mbavu zaingia ndani, lakini pumzi haipiti, kimya, kisha mtoto hushtuka na kuvuta hewa kwa mkwaruzo kama mzamiaji aibukaye, akajigeuza, akaanza tena. Mtoto wa namna hii hulala shingo ameivuta nyuma, au amepiga magoti na kifudifudi, akitafuta kwa maarifa ya usingizini mkao utakaomfungulia njia. Hutokwa na jasho jingi hata usiku wa baridi. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huweza kurudia, akapigwa kwa kosa ambalo si lake. Na asubuhi, badala ya kusinzia kama mtu mzima aliyekosa usingizi, mara nyingi hupaparika, hatulii, hasikilizi, hugombana na wenziwe, na mwalimu humwandika mtukutu. Nasema hili kwa huzuni fulani, kwa kuwa miaka thelathini na zaidi nilisimama mbele ya madarasa, na sina shaka kwamba miongoni mwa watukutu niliowasimamisha ukutani wamo ambao kosa lao lilikuwa kutokupumua vizuri usiku. Pumzi ikikatika hivi kwa miaka, moyo nao huingia kazini kupita kiasi, na ukuaji wa mwili hupungua. Mtoto wa namna hii hafai kungojeshwa mpaka abalehe.

Kuna hospitali chache zenye vyumba vya kumlaza mtoto na kupima usingizi wake kwa mitambo usiku kucha, na kwa wengi wetu ziko mbali. Lakini simu ya mkononi karibu kila nyumba ipo, na picha ya video ya dakika mbili tatu, imepigwa kifua kikiwa wazi na taa ikiwaka, humwambia daktari wa masikio, pua na koo mambo ambayo mama hawezi kuyaeleza kwa maneno, hata akiwa fasaha namna gani.

Shahidi wa pili ni masikio. Kati ya koo na chumba kidogo kilichomo nyuma ya ngoma ya sikio pana mfereji mwembamba unaoingiza hewa, na mdomo wa mfereji huo upo jirani kabisa na nyama yetu. Mfereji ukiziba au ukishindwa kazi, chumba kile hujaa majimaji mazito kama gundi, na ngoma huacha kutikisika ipasavyo. Hakuna maumivu, hakuna usaha, hakuna homa. Pana mtoto tu ambaye hasikii aitwapo kutoka chumba cha pili, anayetaka redio ifunguliwe mpaka mwisho, na ambaye maneno yake yanachelewa au yana herufi zilizolika. Jirani husema ana kiburi. Habari njema ni kwamba majimaji haya mara nyingi hukauka yenyewe, na ndiyo maana kanuni ya matabibu ni kungoja miezi mitatu na kupima tena usikivu kabla ya kuamua lolote. Yakikaa kupita hapo na usikivu ukawa umepungua, hutiwa vijibomba vidogo katika ngoma za masikio, na kwa mtoto aliyefikia miaka minne, kuiondoa nyama ya nyuma ya pua huweza kuwa sehemu ya matibabu hata kama haizuii pumzi.

Kinachobaki ni kamasi na mafua ya kila mara, jambo linalowaleta wazazi wengi kwa daktari, na hapo ndipo kisu huahidi kuliko kinavyotimiza. Huko Uholanzi watoto 111 wa umri wa mwaka mmoja hadi sita, wenye mafua yasiyokwisha, waligawanywa kwa kura, hawa wakakatwa na wale wakangojewa, na baada ya kufuatwa kwa miaka miwili, kwa habari iliyotolewa mwaka 2011, waliokatwa walipatwa na mafua sawasawa na wasiokatwa. Watoto hupata mafua kwa sababu ni watoto. Tena si kila pua iliyoziba imezibwa na nyama hii. Aghalabu ni mzio wa vumbi la godoro, moshi wa kuni, au paka alalaye kwenye mto wa mtoto, na pua inayotoa uchafu wenye harufu upande mmoja tu, huo ni upande wenye ushanga au punje ya mahindi aliyoitia mwenyewe na kuisahau. Kwa wengine dawa ya kupuliza puani, ile ya kupunguza uvimbe inayotolewa kwa cheti cha daktari, ikitumiwa kila siku kwa majuma kadhaa, huipunguza nyama yenyewe na kuondoa haja ya kisu, au angalau huinunulia familia muda.

Nimesema muda, na hapa sina budi kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili. Kwa habari iliyotolewa mwaka 2013, huko Marekani watoto 464 wa miaka mitano hadi tisa, ambao pumzi zao zilikatika usingizini lakini si kwa kiasi cha hatari kubwa, waligawanywa vivyo hivyo, nusu wakakatwa nyama na mafindofindo mapema, nusu wakangojewa kwa uangalizi. Baada ya miezi saba, waliokatwa usingizi wao ulikuwa umerudi sawa kwa 79 katika kila mia. Na waliongojewa, bila ya kisu, kwa 46 katika kila mia. Tabia ya mchana na raha ya maisha ilikuwa bora zaidi kwa waliokatwa, ingawa katika vipimo vya umakini haikuonekana tofauti ya maana. Mwenye kupenda kisu ataishika 79, mwenye kukiogopa ataishika 46, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Mimi nilichokiona ni kwamba kungoja ni matibabu pale kunapokuwa na macho, na ni taksiri pale kunapokuwa ni kulala tu. Huko Denmark nako, mwaka 2018, walipotazama habari za watoto karibu milioni moja na laki mbili, waliona kwamba waliokatwa nyama hizi utotoni walikuwa na maradhi mengi zaidi ya njia ya hewa ukubwani; lakini nani ajuaye kama kisu ndicho kilicholeta maradhi, au kama wenye asili ya maradhi hayo ndio waliopelekwa kwenye kisu? Neno lile halitoshi kumzuia mtoto anayekabwa usiku. Latosha kumtuliza mwenye haraka.

Sasa hofu ya mama, ambayo nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo hofu ninayoiheshimu. Mwandishi Roald Dahl ameandika katika kumbukumbu za utoto wake kwamba mwaka 1924, akiwa na miaka minane, alikatwa nyama hii huko Norway bila ya dawa ya usingizi hata kidogo, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Namshukuru aliyebuni nusu kaputi. Siku hizi mtoto hulazwa usingizi kamili, nyama hutolewa kupitia kinywani bila ya jeraha lolote la nje, na kazi yenyewe aghalabu haizidi nusu saa. Hatari zipo, nami sitazificha: damu, ambayo ni nadra lakini haipuuzwi, nyama kukua tena, hasa kwa aliyekatwa mdogo sana, na dawa ya usingizi yenyewe, ambayo usalama wake hutegemea mkono wa mtaalamu na vyombo vilivyo mbele yake. Kwa hiyo mama asione haya kuuliza ni nani atakayemlaza mtoto usingizi, kama amezoea watoto wadogo, na kama pana mahali pa kumwangalia usiku wa kwanza, jambo ambalo ni la lazima kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu mwenye pumzi zinazokatika.

Aseme na yeye mambo ambayo hakuulizwa: kama katika ukoo pana watu wanaotokwa damu kupita kiasi, na kama mtoto ana selimundu au hajapata kupimwa, kwa kuwa selimundu katika nchi zetu ni nyingi na mwenye nayo huandaliwa kwa namna yake kabla ya kulazwa usingizi. Na hapa ndipo ilipo faida ya kimeo niliyoahidi. Daktari mwangalifu hukitazama kimeo kabla ya kukata, kwa sababu kimeo chenye ncha mbili huweza kuwa dalili ya mpasuko uliofichika ndani ya kaakaa. Mtoto wa namna hii nyama ya nyuma ya pua ndiyo inayomzibia pengo, na ikiondolewa sauti yake yote hutokea puani na maji anayokunywa hurudi kwa njia hiyo hiyo. Aliyekatwa kimeo kwa wembe amepoteza shahidi wake.

Kuna na uji. Mtoto hufungishwa chakula saa sita kabla ya usingizi ule, na kila hospitali ina kisa cha bibi aliyemhurumia mjukuu akampa uji alfajiri, kwa siri, akidhani uji si chakula. Uji ni chakula, na maziwa ni chakula. Tumbo lenye uji huweza kuurudisha kwenye mapafu. Baada ya kazi, maumivu hutulizwa kwa parasetamoli, si kwa aspirini, wala si kwa dawa zenye kodeini. Na mtoto anayemeza mate tena na tena usingizini atazamwe kwa taa, huenda anameza damu.

Nilimwambia mpwa wangu haya yote kwa mafungu mafungu, maana aliyekuja na fadhaa habebi mzigo mmoja mkubwa. Daktari wa masikio, pua na koo aliwapa dawa ya kupuliza, akampima mtoto usikivu, akakuta majimaji nyuma ya ngoma zote mbili, akawaambia wangoje miezi mitatu. Ikawa Ramadhani. Mama mtu, kwa kuwa aliamka kwa ajili ya daku, alikaa kila usiku kando ya kitanda na saa ya mkononi na daftari la hesabu la shule, akaandika: usiku wa tatu, alikatika mara saba katika nusu saa, usiku wa kumi na moja, mara nne, usiku wa ishirini, mara tisa, na jasho. Aliendelea Mfungo Mosi na Mfungo Pili, bila ya daku ya kumwamsha, kwa kengele ya simu. Dawa ilisaidia kidogo, kisha ikawa haisaidii. Masikio yalipopimwa tena yalikuwa yale yale. Daktari alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, kimya, kisha akaiweka eksirei pembeni bila ya kuitazama mara ya pili, na baba aliyetaka haraka na mama aliyekataa wakatia sahihi karatasi moja, wameisoma.

Bibi mtu mpaka leo anawahadithia wageni kwamba mjukuu wake alikatwa kimeo hospitali, naye hakuna anayembishia. Mpwa wangu alinipigia simu siku ya kumi na mbili baada ya kazi, sauti yake imechoka. Nikamwuliza kama mtoto anakoroma tena. "Hakoromi, mjomba," akasema. "Ndilo linaloniamsha. Usiku nimeinuka mara tatu kumwekea mkono puani nijue kama anapumua."